Orodha ya Wapokeaji: Historia ya Ruzuku za Kilimo za Ulaya na Majina Yake

Ruzuku za kilimo za Ulaya zilianza bila majina. Sera ya Pamoja ya Kilimo ilipoanza kazi mwaka 1962 katika nchi sita za Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg, mkulima hakutumiwa hundi kwa sababu tu ana shamba. Msaada wake ulifichwa ndani ya bei. Kila mwaka mawaziri wa kilimo walikutana Brussels, mara nyingi hadi usiku wa manane, wakakubaliana kiwango ambacho bei ya ngano, siagi au nyama ya ng'ombe haitaachwa ishuke chini yake. Soko likilegea hadi hapo, ofisi ya serikali iliingia, ikanunua ziada na kuiweka ghalani. Bidhaa za nje zilitozwa ushuru uliopanda na kushuka ili zisipate kuwa rahisi kuliko za ndani. Na mfanyabiashara aliyeuza nje ya Jumuiya hiyo ya nchi sita, ambako bei ilikuwa ndogo, alifidiwa tofauti.

Kwa mpango huo, sehemu kubwa ya mzigo ilibebwa na mnunuzi wa kawaida wa Milano au Lyon, kila alipolipia mkate na maziwa zaidi ya bei ya dunia. Orodha ya wakulima waliofaidika haikuwapo kwa sababu hapakuwa na cha kuorodhesha. Kumjua aliyefaidika kulihitaji kujua ameuza magunia mangapi, na hayo yalikuwa mambo kati yake na mnunuzi wake. Waliolipwa waziwazi kutoka mfuko wa pamoja walikuwa hasa wenye maghala na wauzaji wa nje, na majina yao yalilala katika mafaili ya ofisi za malipo za kila nchi.

Walioijenga sera hiyo hawakuwa wakifikiria hesabu za nani kapata nini. Walikuwa wakifikiria njaa. Sicco Mansholt, Mholanzi aliyekuwa kamishna wa kwanza wa kilimo, alizaliwa katika familia ya wakulima mkoani Groningen. Alishika wizara ya kilimo ya nchi yake mwaka 1945, mara tu baada ya majira ya baridi ambayo watu wa mijini walikula vitunguu vya maua ya tulipu ili wasife. Mkataba wa Roma wa 1957, katika kifungu cha 39, uliipa sera ya kilimo malengo matano: kuongeza tija, kumpatia mkulima maisha ya heshima, kutuliza masoko, kuhakikisha chakula kinapatikana, na kumfikishia mlaji chakula hicho kwa bei ya kuvumilika. Uwazi haumo, na mwaka 1957 pengine hakuna aliyeukosa.

Mfumo ulifanikiwa kupita kiasi. Mkulima aliyeahidiwa kwamba kila kilo itanunuliwa hakuwa na sababu ya kupunguza kilo. Mansholt mwenyewe aliiona hatari mapema. Mwaka 1968 alipendekeza mamilioni ya watu waondolewe katika kilimo na mashamba yaunganishwe, na Machi 1971 wakulima wenye hasira waliifurika Brussels katika maandamano yaliyoua mtu mmoja. Pendekezo lilipunguzwa makali, ziada ikaendelea kupanda. Katikati ya miaka ya 1980 siagi iliyolala maghalani ilipita tani milioni 1, na magazeti yakawa yakiandika juu ya milima ya siagi na maziwa ya divai (maziwa ya kuvulia samaki, si ya kunywa). Mwaka 1984 kila mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliwekewa kiwango cha mwisho cha kuzalisha. Hata hivyo kilimo kilikuwa bado kikimeza karibu theluthi mbili ya bajeti nzima ya Jumuiya.

Ray MacSharry, Mwailandi aliyeshika ukamishna wa kilimo mwaka 1989, ndiye aliyeligeuza jambo lenyewe. Mwaka 1991 Tume ya Ulaya ilitoa waraka uliokiri kwamba asilimia 80 ya fedha za msaada zilikuwa zikienda kwa asilimia 20 ya mashamba. Sababu yake ilikuwa ya hesabu za kawaida: msaada ulio ndani ya bei humfuata mwenye kuuza kingi, na mwenye kuuza kingi ni mwenye shamba kubwa. Mageuzi yaliyopitishwa Mei 1992 yalipunguza bei ya dhamana ya nafaka kwa karibu theluthi moja katika muda wa miaka mitatu. Bei ya nyama ya ng'ombe nayo ilishushwa. Kufidia hasara hiyo, mkulima angelipwa fedha taslimu kwa kila hekta aliyolima na kwa kila mnyama aliyemfuga.

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Huwezi kumlipa mtu kwa hekta bila kujua ni nani, shamba lake liko wapi na lina ukubwa gani. Mwaka huohuo wa 1992 nchi wanachama ziliagizwa kuunda mfumo mmoja wa usimamizi na udhibiti: daftari la kompyuta la mashamba yote yanayoombewa fedha, namba ya utambulisho wa kila kipande cha ardhi, fomu ya maombi ya kila mwaka, hereni za namba masikioni mwa ng'ombe, na ukaguzi wa uwanjani ukisaidiwa na picha za ndege na setilaiti. Madhumuni yalikuwa kuzuia udanganyifu. Ofisa alitaka kujua kama hekta zilizoandikwa ndizo zilizolimwa. Lakini serikali za Ulaya zilijikuta, karibu bila kukusudia, na kitu ambacho hazikuwahi kuwa nacho kwa miaka thelathini: orodha kamili ya nani anapokea nini. Kwa muongo mmoja orodha hiyo ilibaki chombo cha ofisini.

Mageuzi ya Juni 2003, yaliyosimamiwa na kamishna Franz Fischler wa Austria, yalikata uzi uliobaki kati ya fedha na mazao. Katika sehemu kubwa ya malipo mkulima hakulazimika tena kuzalisha kitu mahususi. Alitakiwa kuwa na ardhi, kuitunza katika hali nzuri na kufuata sheria za mazingira na ustawi wa wanyama. Fedha ziligeuka kuwa kitu kinachokaribia posho ya mwenye ardhi, na swali la mwenye ardhi huyo ni nani likawa zito kuliko zamani. Mlipakodi aliyekuwa radhi kusaidia uzalishaji wa mkate alianza kuuliza anamsaidia nani hasa.

Jibu la kwanza lilitoka kaskazini, na si kwa bahati. Sweden ina sheria ya uhuru wa uchapishaji ya mwaka 1766 inayolichukulia faili la serikali kuwa mali ya umma mpaka ithibitike vinginevyo. Denmark nayo ilikuwa na sheria ya kupata nyaraka pamoja na kundi la waandishi wa habari waliojifunza mapema kuchambua takwimu kwa kompyuta. Mmoja wao, Nils Mulvad, pamoja na mwenzake Kjeld Hansen, aliomba daftari la malipo ya kilimo. Mwaka 2004 waliyapata majina na viwango vyote. Wadenmark waliofungua orodha hiyo walikuta, kati ya wakulima wa kawaida, wabunge na hata mawaziri kadhaa wa serikali iliyokuwa madarakani. Hakuna aliyekuwa amevunja sheria. Walikuwa na mashamba, na mashamba yalilipwa. Lakini haohao ndio waliokuwa wakipitisha msimamo wa nchi yao kuhusu ruzuku.

Uholanzi ilipofungua sehemu ya daftari lake, waziri wa kilimo Cees Veerman alionekana naye ni mpokeaji, akiwa na mashamba nyumbani na Ufaransa. Utetezi wake ulikuwa ule wa kila mahali: hakuna siri, kila mtu anajua kwamba ni mkulima. Ni kweli. Ila kabla ya hapo hakuna aliyejua kiasi.

Uingereza iliingia mwaka 2005. Sheria yake ya uhuru wa habari ilianza kutumika tarehe 1 Januari mwaka huo, na ombi la kutaka majina ya wapokeaji lilikuwa kati ya maombi yaliyosubiriwa kwa hamu. Machi 2005 serikali ilitoa orodha ya England. Kwa miaka mingi wanasiasa walikuwa wameitetea ruzuku kwa picha ya mkulima mdogo wa milimani mwenye kondoo wachache na paa linalovuja. Orodha ilimwonyesha Malkia Elizabeth kupitia mashamba ya Sandringham, na Duke of Westminster, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi hiyo. Mkulima wa milimani alikuwamo pia, chini sana ya ukurasa.

Kati ya wapokeaji wakubwa kabisa ilikuwapo kampuni ya sukari ya Tate & Lyle, isiyolima muwa hata mmoja Uingereza. Hiyo ilionyesha upande mwingine wa sera, uliosahaulika katika mjadala wa mashamba: fidia kwa wauzaji wa nje. Sukari ndani ya Ulaya iliuzwa kwa bei iliyofikia mara kadhaa ya bei ya dunia, na kila tani iliyotoka nje ilihitaji kufidiwa. Nchi za Afrika, Karibea na Pasifiki zilizotajwa katika Itifaki ya Sukari ya 1975, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwa miongoni mwao, ziliruhusiwa kuuza kiasi maalumu Ulaya kwa bei hiyo ya juu. Upande wa pili, sukari ya Ulaya iliyofidiwa ilishindana na yao kila mahali kwingine, na maziwa ya unga yaliyofidiwa yalifika hadi katika maduka ya Afrika. Ruzuku za namna hiyo zilipunguzwa mwaka hadi mwaka, na hatimaye mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Nairobi Desemba 2015 ulikubaliana kuzifuta.

Mwaka 2005 Mulvad aliungana na Jack Thurston, aliyewahi kuwa mshauri katika wizara ya kilimo ya Uingereza, na Brigitte Alfter, mwandishi wa habari aliyekuwa akiisumbua Tume ya Ulaya kwa maombi ya takwimu hizohizo. Wakaanzisha farmsubsidy.org, ghala moja la kuhifadhi takwimu za nchi zote. Walichogundua haraka ni kwamba Tume ilikuwa nazo. Kila nchi ilipeleka Brussels taarifa za kila malipo kwa ajili ya ukaguzi. Tume ilijibu kwamba majina ni mali ya nchi wanachama, na nchi wanachama, isipokuwa chache, zilijibu kwamba wakulima wanastahili kuachwa na faragha yao. Mwombaji alizungushwa kati ya milango miwili, kila mmoja ukielekeza kwa mwenzake.

Aliyelivunja duara hilo kutoka ndani alikuwa Siim Kallas, kamishna kutoka Estonia, nchi iliyojiunga na Umoja wa Ulaya Mei 2004. Machi 2005 alitangaza mpango wa uwazi uliogusa mambo mengi, wakiwemo washawishi wa makampuni wanaojaa Brussels, na ndani yake akaweka wapokeaji wa fedha za Umoja. Desemba 2006 kanuni za fedha zilirekebishwa kulazimisha majina yatangazwe. Machi 2008 Tume, kamishna wa kilimo akiwa Mariann Fischer Boel wa Denmark, ilitoa kanuni za utekelezaji: jina la mpokeaji, wilaya au mji anakoishi, na kiasi alichopata kutoka kila mfuko, vyote viwekwe kwenye intaneti ifikapo tarehe 30 Aprili 2009.

Siku hiyo ilipofika nchi zote zilitii isipokuwa Ujerumani. Huko wakulima walikuwa wamekimbilia mahakamani, baadhi ya mahakama zikawapa zuio, na serikali ikaona afadhali kusubiri. Tume ilitishia hatua za kisheria. Ujerumani ikachapisha mwezi Juni, ila jimbo la Bavaria lilikaidi hadi wiki kadhaa baadaye. Kumbukumbu za Ujerumani zinaeleza kiasi cha ukaidi huo. Nchi iliyopitia utawala wa Wanazi, na mashariki yake polisi wa siri wa Stasi, haichukulii kwa wepesi wazo la serikali kubandika hadharani jina la raia, kijiji chake na mapato yake. Chama cha wakulima cha Ujerumani kiliitumia hoja hiyo kwa ustadi. Kwamba hoja hiyohiyo iliwakinga pia wenye maeneo makubwa ya mashariki, ambako mashamba ya ushirika wa kikomunisti yaligeuzwa kuwa kampuni za maelfu ya hekta, halikusemwa sana.

Kilichochapishwa kilikuwa kingi lakini kigumu kutumika. Kila nchi ilikuwa na tovuti yake kwa lugha yake, na nyingi ziliruhusu kutafuta jina moja moja tu, kama kwamba mwananchi tayari anajua anamtafuta nani. Watu wa farmsubsidy.org na waandishi waliojitolea waliandika programu za kuvuna kurasa hizo usiku kucha. Mavuno yalionyesha kwamba vilele vya orodha havikuwa na wakulima. Ufaransa iliongozwa na Doux, kampuni ya kuuza nje kuku walioganda, iliyopata zaidi ya yuro milioni 60 kwa mwaka mmoja. Italia iliongozwa na viwanda vya sukari, wakati ambapo Umoja ulikuwa ukivilipa viwanda vya namna hiyo ili vifungwe, kufuatia mageuzi ya sekta ya sukari ya 2006. Zilikuwapo pia taasisi ambazo hakuna aliyetarajia kuzikuta kwenye daftari la kilimo, kwa kuwa fungu la maendeleo ya vijijini halikuwa la wakulima peke yao.

Uwazi huo uliishi miezi kumi na minane. Katika jimbo la Hesse, shamba moja la ubia na mkulima mmoja wa kujitegemea waliishtaki serikali ya jimbo wakitaka majina yao yaondolewe. Mahakama ya utawala ya Wiesbaden ilitilia shaka kanuni zenyewe, ikalipeleka swali Luxembourg katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Hukumu, inayojulikana kwa wanasheria kama hukumu ya Schecke, ilisomwa tarehe 9 Novemba 2010. Mkataba wa Haki za Msingi wa Ulaya ulikuwa umepata nguvu kamili ya kisheria mwaka mmoja tu kabla, na hukumu hii ilikuwa kati ya za kwanza kufuta sehemu ya sheria ya Umoja kwa msingi wake.

Majaji hawakusema kwamba jina la mpokeaji wa fedha za umma ni siri. Walisema hatua iliyochukuliwa ilipita kipimo. Mlipakodi ana haki ya kujua, na mkulima ana haki ya kulindiwa maisha na taarifa zake binafsi. Waliotunga kanuni walipaswa kuzipima haki hizo mbili kabla ya kuchapisha kila jina kwa mkupuo. Hakuna ushahidi kwamba walipima. Je, ingetosha kuwataja waliopokea kiasi kikubwa tu? Au wale waliopokea kwa miaka mfululizo? Hakuna aliyejiuliza. Kwa watu binafsi, uchapishaji ukafutwa. Kwa makampuni na vyombo vingine vyenye hadhi ya kisheria uliruhusiwa, maana kampuni haina faragha kama ya mtu.

Kimantiki hukumu ilisimama imara. Matokeo yake mashambani yalikuwa ya ajabu. Sura ya kisheria ya shamba haina uhusiano wa lazima na ukubwa wake. Ndugu wawili wa Ufaransa wenye ng'ombe arobaini na usajili wa ubia walibaki kwenye orodha. Mwenye maelfu ya hekta aliyeomba fedha kwa jina lake mwenyewe alitoweka. Nchi zilifuta majina ya watu binafsi katika tovuti zao ndani ya wiki chache. Katika baadhi yake, ambako karibu kila shamba ni la mtu binafsi, daftari lilibaki mifupa.

Miaka mitatu ilihitajika kurekebisha. Kanuni mpya ya Desemba 2013, iliyopitishwa wakati Dacian Cioloș wa Romania akiwa kamishna wa kilimo, iliandikwa na watu walioisoma hukumu neno kwa neno. Utangulizi wake unaeleza kirefu kwa nini majina yanahitajika: wananchi wakiona fedha zinakwenda wapi, matumizi hudhibitiwa; mdanganyifu akijua kwamba jirani atamwona, huogopa; na takwimu za jumla haziwezi kufanya kazi hiyo. Kisha inaweka kizingiti. Anayepokea kiasi kidogo, kisichozidi yuro 1,250 kwa mwaka, haandikwi jina. Huwekewa alama ya siri tu. Wengine wote, watu na makampuni, huchapishwa kila mwaka kabla ya tarehe 31 Mei, pamoja na aina ya malipo na madhumuni yake. Orodha za kwanza chini ya kanuni hiyo zilitoka mwaka 2015. Kuanzia hapo ubishi ulihama kutoka majina yenyewe kwenda kwenye kilicho nyuma yake.

Slovakia ndiko uhamaji huo ulikoonekana kwa uchungu. Tarehe 21 Februari 2018 mwandishi wa habari Ján Kuciak, mwenye miaka 27, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake pamoja na mchumba wake Martina Kušnírová. Waendesha mashtaka baadaye waliyahusisha mauaji na habari alizoandika juu ya biashara za mtu mwingine kabisa. Lakini makala aliyoiacha kabla ya kuimaliza, iliyochapishwa siku chache baada ya kifo chake, ilihusu watu wenye uhusiano na mtandao wa kimafia wa 'Ndrangheta wa Italia waliojikita mashariki mwa Slovakia na kuvuna ruzuku za kilimo, huku wakiwa na mawasiliano hadi ofisi ya waziri mkuu. Maelfu waliingia mitaani, na waziri mkuu Robert Fico akajiuzulu Machi. Wakulima wa mashariki nao walikuja Bratislava kwa matrekta, wakisimulia jinsi ardhi waliyoilima ilivyoombewa fedha na watu wengine.

Jirani na hapo, katika Jamhuri ya Cheki, daftari lilitimiza kazi yake na bado swali likabaki. Kampuni za kundi la Agrofert zilionekana wazi kati ya wapokeaji wakubwa wa nchi. Mwanzilishi wa kundi hilo, Andrej Babiš, alikuwa waziri mkuu kuanzia Desemba 2017 na alikwishaliweka chini ya wadhamini. Wakaguzi wa Tume walihitimisha kwamba mgongano wa maslahi haukuwa umeondoka, kwa sababu wadhamini waliendelea kumtumikia yeye. Huko Hungary, uchunguzi wa The New York Times uliotoka Novemba 2019 ulifuatilia jinsi ardhi ya serikali ilivyouzwa au kukodishwa kwa watu wa karibu na watawala, na ruzuku zikafuata ardhi. Magazeti ya nchi hizo yalikuwa yameandika mengi ya hayo mapema, kwa wasomaji wachache zaidi.

Orodha ilimtaja mpokeaji, si mmiliki. Mtu mmoja angeweza kuwa na kampuni ishirini, kila moja ikiwa na mstari wake na kiasi cha kawaida. Kanuni za sera mpya, iliyoanza tarehe 1 Januari 2023, zinazitaka nchi zikusanye na kutangaza taarifa zinazoonyesha kampuni mama ya kila mpokeaji. Lakini tarehe 22 Novemba 2022 mahakama ya Luxembourg, ikifuata njia ileile ya hukumu ya 2010, ilifuta kanuni iliyoruhusu mtu yeyote kupekua madaftari ya wamiliki halisi wa makampuni. Waandishi na asasi wanaopambana na rushwa wanaweza bado kuomba ruhusa, wakionyesha sababu. Mwananchi mdadisi wa kawaida amebaki nje.

Ugiriki imeonyesha mpaka mwingine wa orodha: inathibitisha kwamba fulani amelipwa, haithibitishi kwamba shamba lipo. Nchi hiyo haikuwa imekamilisha daftari lake la ardhi, na ofisi yake ya malipo, OPEKEPE, ilikuwa na utaratibu uliowaruhusu wafugaji kudai malisho yaliyo mbali kabisa na mifugo yao. Ofisi ya Mwendesha Mashtaka ya Ulaya ilifuatilia madai ya malisho na mifugo isiyokuwapo, mengi yakihusishwa na kisiwa cha Krete. Kati ya yaliyotajwa ni migomba kwenye Mlima Olympus, ambako theluji huanguka. Juni 2025 Tume iliitoza Ugiriki karibu yuro milioni 392, na waziri wa uhamiaji Makis Voridis, aliyewahi kushika kilimo, alijiuzulu pamoja na maofisa wengine waandamizi, huku akikana kosa. Serikali ikaamua kuiingiza OPEKEPE ndani ya mamlaka ya mapato.

Julai 2025 Tume ilipendekeza kwamba baada ya 2027 mkulima mmoja asipokee zaidi ya yuro 100,000 kwa mwaka za malipo ya mapato. Mapendekezo ya ukomo yamewahi kuletwa katika karibu kila mageuzi tangu MacSharry, na kila mara nchi zenye mashamba makubwa, Ujerumani na Cheki zikiwamo, zimeyapinga au kuyalegeza. Hata uwiano wa 80 kwa 20 umesogea kidogo sana tangu 1991.

Kuna kipengele kimoja cha kanuni ya 2013 kinachosahaulika kwa urahisi. Jina la mpokeaji hukaa hadharani kwa miaka miwili tu tangu lilipochapishwa, kisha hufutwa. Mwaka mpya ukiingia upande mmoja, wa zamani hutoka upande mwingine, na tovuti za serikali hubaki na kumbukumbu fupi. Kwa hiyo kila mwaka, wiki chache baada ya 31 Mei, watu wa FragDenStaat mjini Berlin, waliorithi kazi ya farmsubsidy.org, hupita nchi moja baada ya nyingine wakipakua mafaili kabla hayajaondolewa.